Leza ya faiba 1064 nm inagoma kwenye wati 14, kelele inalipuka. Naombeni msaada

Binti_Uluguru – Jumanne, saa 4:12 usiku

Wakuu, shikamooni wakubwa zangu, na wa rika langu habari za huko.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, mwaka wa pili, niko Ujerumani. Maabara yetu inapoza atomi za rubidiamu, na kazi niliyopewa mimi ni leza ya kuzishikilia. Tunajenga wavu wa nuru: mwali wa 1064 nm unapita kwenye chumba cha ombwe, unagonga kioo sentimita 50 mbele, unarudi njia ileile, na pale wa kwenda unapokutana na wa kurudi, wimbi linasimama. Atomi zinakaa kwenye mabonde yake kama mayai kwenye trei. Ndiyo maana leza lazima iwe ya masafa mamoja, yaani rangi moja tu, nyembamba sana. Leza ya kiwandani yenye upana wa nanomita 1 inajisahau baada ya milimita moja hivi. Ikirudi kutoka kwenye kioo haikumbuki ilivyoondoka, na mabonde yanafutika.

Tunahitaji wati 40. Kununua iliyokamilika ilishindikana kwa bei, kwa hiyo Profesa akasema tuijenge wenyewe. Nimejenga hivi: leza mbegu (leza ndogo ya kuanzia) ya faiba yenye milivati 40, upana wa mstari (upana wa masafa yake) kama kHz 10, ampilifaya (kikuza mwanga) ya kwanza inaipandisha hadi wati 3, isoleta (inapitisha mwanga upande mmoja tu), kapla inayochota asilimia 1 ya kuchungulia mwanga unaorudi, halafu hatua ya mwisho, faiba iliyotiwa iterbiamu (elementi inayokuza mwanga), kiini maikromita 10, ganda maikromita 125, urefu mita 6. Pampu (mwanga unaoilisha nishati) ni dayodi mbili za 976 nm, wati 30 kila moja, zinaingia upande mmoja na mbegu. Baada ya hapo kuna mita 3 za faiba ya kawaida zinazopeleka mwanga mezani.

Hadi wati 12 kila kitu kinapanda kwenye mstari ulionyooka. Kwenye wati 10, mwanga unaorudi (nikishazidisha mara 100 kwa ajili ya kapla) ni milivati 10 hivi. Kwenye wati 14 umefika 90. Nilipogusa 15 ukaruka hadi nusu wati, fotodayodi (kipima mwanga) ya mbele ikaanza kutetemeka, na kelele, yaani kuyumba kwa nguvu ya mwanga, ikapanda kote kwenye spektra hadi megahezi kadhaa. Nikazima, mikono inatetemeka.

Hata kabla ya hapo, nikiwa wati 10 tu, kelele ina vilima vitatu: kimoja 100 Hz, kimoja chembamba kwenye 130 kHz, na kimoja kipana karibu na 700 kHz.

Maswali yangu: je, faiba imeungua? Au ni pampu? Mwenzangu mmoja ananiambia niongeze pampu haraka "nipite hapo". Na kati ya vilima vile vitatu nianze na kipi? Profesa amesafiri wiki mbili na ningependa akirudi anikute na kitu mkononi.

---

FundiFaiba_Sgd – Jumatano, saa 1:05 asubuhi

Marahaba dada. Kabla ya yote: usiongeze pampu. Hapo hapapitwi kwa kasi. Mwenzako ana nia njema lakini hilo litakugharimu ampilifaya ya kwanza, na nitakueleza kwa nini najua.

Mimi nilianza na faiba nikiwa kijana kwenye Mkongo wa Taifa, tukisplaisi (kuunganisha nyuzi za faiba) kandokando ya barabara Dodoma kwenda Singida, hema dogo juu ya mashine ili vumbi lisiingie. Siku hizi niko Uingereza, kwenye karakana ya leza. Ugonjwa ulio nao nilikutana nao mara ya kwanza kule kule barabarani bila kujua jina lake. Kwenye mawasiliano, ukituma leza yenye mstari mwembamba sana kwenye kilomita 20 za faiba, milivati chache tu zinatosha mwanga uanze kurudi ulikotoka. Ndiyo maana mitambo ya mawasiliano hutikisa leza zake makusudi, ili mstari upanuke. Wewe huna kilomita 20, una mita 9. Lakini wati zako ni maelfu ya milivati.

Jina lake ni mtawanyiko wa Brillouin uliochochewa. Kinachotokea ni hiki. Kioo ambacho faiba imetengenezwa nacho hakinyamazi hata siku moja. Joto lake la kawaida tu linakifanya kijae mawimbi madogo ya sauti. Wimbi la sauti linalosafiri mbele pamoja na mwanga wako linaakisi chembe ya mwanga nyuma, kama kioo kinachokimbia. Sasa ule uliorudi unakutana na unaokuja, mchanganyiko wao unapiga mdundo, na mdundo huo unakibana kioo kwa masafa yaleyale ya sauti iliyouzaa. Sauti inakua, inaakisi zaidi, mdundo unakua. Ukivuka kizingiti, faiba yako imejijengea kioo cha kujitazama ndani yake yenyewe.

Na huu ugonjwa unawachagua ninyi wa masafa mamoja. Sauti hiyo inakubali mwanga ulio ndani ya upana wa makumi ya megahezi tu. Leza pana inamwaga nguvu yake nje ya dirisha hilo. Ya kwako, kHz 10, inaingia yote.

Usiniamini kwa maneno, pima. Sauti ndani ya kioo cha silika inakwenda kama mita 5,900 kwa sekunde. Zidisha mara 2, zidisha na 1.45 (kiasi ambacho kioo kinapunguza mwendo wa mwanga), gawa kwa urefu wa wimbi 1064 nm: unapata gigahezi 16. Kwenye spektra hizo ni nanomita 0.06. Kama mna mashine ya kusoma spektra yenye uwezo wa nanomita 0.02, ichomeke kwenye ile kapla yako ya asilimia 1. Ukiwa wati 8 utaona mlima mmoja mahali pa leza yako, huo ni mwanga wa kawaida unaotawanyika na kurudi. Panda taratibu hadi 12, usivuke 13. Kukizuka mlima wa pili nanomita 0.06 upande wa mawimbi marefu, na kila nusu wati unamzidi mwenzake, kesi imekwisha. Si pampu. Na kama nguvu chini ya wati 12 bado ni ileile ya zamani kwa mkondo uleule, faiba haijaungua.

Hesabu sasa. Kizingiti ni takriban 21 mara eneo la mwali ndani ya kiini, gawa kwa (ukuzaji wa Brillouin mara urefu wenye kazi). Kiini chako cha maikromita 10 kina mwali wa eneo kama maikromita za mraba 95. Ukuzaji vitabuni huandikwa 5 × 10⁻¹¹ mita kwa wati, lakini kwenye faiba zenyewe mara nyingi ni chini yake. Mimi hutumia 2 × 10⁻¹¹. Urefu wenye kazi: umepampu kwa mbele, kwa hiyo mwanga unakuwa mkubwa mapema na unatembea mkubwa hivyo karibu mita 5, halafu mita 3 za kupelekea mezani. Jumla 8. Piga: wati 12 na nusu. Wewe umegoma 14. Sidhani kama mimi na wewe tunaweza kuomba ushahidi mzuri zaidi ya huo.

Tiba iko kwenye urefu huo. Faiba ya 10/125 inanyonya pampu ya 976 nm karibu desibeli 5 kwa mita. Mita 2 na nusu zinakula zaidi ya asilimia 90. Zile mita 3 na nusu za mwisho hazikuzi chochote, zinamlea Brillouin tu. Kata. Kisha geuza pampu, iingilie upande wa kutokea. Ukipampu kinyume, mwanga wako unabaki mdogo karibu njia nzima na unakuwa mkubwa kwenye mita ya mwisho tu. Kombaina (kifaa kinachoingiza pampu kwenye faiba) ikikaa upande huo, mikia yake, yaani vipande vya faiba vinavyotoka humo, nayo inahesabiwa, maana nguvu yote inapita humo: ikate mifupi kadiri mashine ya kusplaisi inavyoruhusu, sentimita 40 kila upande inawezekana. Mita 3 za kupelekea mezani ziondoe kabisa, sogeza ampilifaya yenyewe mezani, malizia na kofia ya kioo iliyokatwa kwa pembe. Urefu wenye kazi utashuka hadi mita 2 hivi. Piga hesabu tena, inatoka wati 50. Usizitegemee zote.

Angalizo la dayodi: za 976 nm zinahama kama nanomita 0.3 kwa kila nyuzijoto moja, na kilele cha iterbiamu pale ni chembamba. Kama dayodi zako hazijafungwa masafa, kwenye mkondo mdogo zitakuwa pembeni ya kilele na pampu itapita bila kunyonywa. Usione hivyo ukarudisha urefu. Rekebisha joto.

Sasa kwa nini nimesema usiongeze. Mwaka 2016 nilikuwa na mtambo kama wako, ila bila isoleta kati ya ampilifaya ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu iliyoagizwa ilichelewa na mimi sikuweza kungoja. Nikaongeza pampu. Mwanga wa Brillouin haurudi kwa utulivu, unarudi kwa mapigo. Pigo moja likaingia ampilifaya ya kwanza kinyumenyume, likakuzwa tena, na kiini kikapasuka. Nikaona nukta nyeupe ya mwanga ikitembea ndani ya faiba kuelekea kwenye mbegu, mwendo wa mtu anayetembea, mita moja kwa sekunde hivi, na nyuma yake kiini kimebaki mapovu matupu. Nilikuwa nimesimama pale pale, nikaiangalia ikipita sehemu zote nilizozisplaisi miezi mitatu. Wewe una isoleta, Mungu akubariki. Lakini isoleta nayo ina kikomo chake, na nusu wati ya mapigo si kitu cha kuchezea.

Habari ya vilima vya kelele nawaachia wa atomi, wapo humu wanaojua kuliko mimi.

---

Mwana_wa_Kisauni – Jumatano, saa 3:40 asubuhi

Salaam aleikum jamaa. Dada yangu, maelezo ya Fundi ni sawa kabisa, ila mbona usichukue njia fupi? Weka moduleta ya fezi (kifaa kinachotikisa wimbi la mwanga) baada ya mbegu, uitie kelele ya redio, mstari upanuke hadi gigahezi kadhaa. Kizingiti kinapanda mara nyingi, na faiba yako ya mita 6 huigusi. Sisi hapa tunafanya hivyo kila siku, tunavuka kilowati.

---

FundiFaiba_Sgd – Jumatano, saa 6:20 mchana

Wa aleikum salaam kaka. Kwa kazi yenu ni sahihi, nyie mnachotaka ni nguvu ifike mbali na miali iunganike. Lakini soma tena alichoandika dada: kioo kiko sentimita 50, mwanga unakwenda na kurudi mita nzima. Mstari wa gigahezi 10 unajikumbuka kwa sentimita moja au pungufu. Mabonde yake yatafutika kama alivyosema mwenyewe. Hata megahezi 100 tayari inamfikisha ukingoni, kama mita moja. Kwake yeye mstari mwembamba ndiyo bidhaa yenyewe, hawezi kuuuza ili anunue wati.

Na masafa mamoja halisi yanaweza kufika mbali bila hila hiyo. Southampton walichapisha wati 500 za masafa mamoja kwa faiba ya iterbiamu mwaka 2007. Mwaka 2014 watu wa maabara ya jeshi la anga la Marekani kule New Mexico wakafika 811, na namna walivyofanya inanifurahisha hadi leo: walitengeneza kiini chenye kanda tofauti, mwanga unakiona kimoja lakini sauti inakiona kama vyumba mbalimbali, kila chumba na mwendo wake wa sauti. Sauti ikakosa mahali pa kukubaliana. Huwezi kununua faiba hiyo dukani, lakini wazo lake unaweza kuliiga kwa joto. Masafa ya Brillouin yanahama kati ya megahezi 1.5 na 2 kwa kila nyuzijoto. Ukiwa na tofauti ya nyuzijoto 40 kutoka mwanzo hadi mwisho wa faiba, umeyatawanya nje ya dirisha lake. Na ukipampu kinyume, ule upande wa kutokea unapata moto wenyewe, kwa hiyo sehemu ya tiba hii inakuja bure. Usiipoze faiba yote sawasawa kwenye bamba moja la maji. Watu wengi wanapoza vizuri mno na kujinyima.

---

Mwana_wa_Kisauni – Jumatano, saa 6:31 mchana

Nimekubali, sikuona habari ya kioo. Hilo la kutopoza sawasawa nitalijaribu hata huku.

---

Mtegaji87 – Jumatano, saa 2:15 usiku

Dada Uluguru, mimi nilitega rubidiamu miaka mitano, Ufaransa. Kelele ndiyo iliyoninyima usingizi kuliko wati, kwa hiyo nitazungumzia vilima vyako tu.

Anza na atomi, usianze na leza. Mtego wako una masafa yake ya kutikisika. Nguvu ya leza ikipandapanda na kushukashuka kwa mara mbili ya masafa hayo, ni sawa na kumsukuma mtoto kwenye bembea kila anapofika: atomi inazidi kupanda hadi inaruka nje. Kasi ya kupashwa moto ni π² mara mraba wa masafa ya mtego mara kelele ya nguvu kwenye mara mbili ya masafa hayo. Tuseme wavu wako una kina cha mara 150 ya nishati ya kurudishwa nyuma ya atomi (teke inalopata atomi kutoka chembe moja ya mwanga). Kwa rubidiamu kwenye 1064 nm hiyo ni masafa ya mtego karibu kHz 50. Kwa hiyo kelele inayokuua iko 100 kHz. Kama pale una -110 dB/Hz (kipimo cha kelele, kadiri kinavyoshuka ndivyo leza ilivyo tulivu), hesabu inatoa robo kwa sekunde: nishati ya atomi zako inakua karibu mara tatu kila sekunde 4. Ukishuka hadi -130, sekunde 4 zinakuwa 400. Hiyo ndiyo shabaha yako, na si namba niliyoiokota, ni hesabu ya mtego wako.

Sasa vilima. Iterbiamu inakaa na nishati karibu milisekunde moja kabla ya kuitoa. Ndani ya ampilifaya inayofanya kazi kwa nguvu inaitoa mapema zaidi, lakini bado ni mzito wa kubadilika. Matokeo yake ni sheria mbili. Kelele ya pampu inapita ikiwa ya polepole, chini ya kilohezi chache hadi makumi. Juu ya hapo iterbiamu inaimeza. Kelele ya mbegu ni kinyume: ya polepole inamezwa, ya haraka inapita kama ilivyo.

Kwa hiyo: 100 Hz ni umeme wa ukutani, unaingia kupitia chanzo cha mkondo wa pampu na unapita wote. Wengi huupuuza kwa sababu uko mbali na kHz 100. Usiupuuze. Wavu wako upande wa pembeni ni mlegevu, masafa yake ni makumi au mamia ya hezi, na huo mlima unakaa hapo hapo.

130 kHz, chembamba namna hiyo, karibu kwa hakika ni chanzo cha umeme kinachokata na kuwasha. Iterbiamu inakipunguza lakini hakiishi, na kiko jirani mno na 100 kHz yako. Jaribio lake ni dakika tano: badili chanzo, tumia cha transfoma ya zamani au hata betri kwenye mkondo mdogo, uone kama kilima kinahama. Kikihama, umempata.

700 kHz pana ni mbegu yenyewe. Leza ya faiba ina mtikisiko wake wa ndani, nishati inapokezana kati ya mwanga na iterbiamu, na huo unapita ampilifaya zote mbili bila kuguswa. Usijaribu kuutibu kwa pampu ya wati 60, haitausikia. Utibu kwenye mbegu: chukua chembe ya mwanga, fotodayodi, rudisha kwenye mkondo wa pampu ndogo ya mbegu. Ila kwa mtego wako hauna madhara makubwa, uache wa mwisho.

Kinachobaki karibu na 100 kHz kishushe kwa moduleta ya sauti (kifaa kinachorekebisha nguvu ya mwanga kwa mawimbi ya sauti) baada ya ampilifaya, na fotodayodi ya kuchungulia. Hakikisha fotodayodi inapokea mwanga wa kutosha. Milivati 1 ya 1064 nm ina sakafu ya -154 dB/Hz, asili yenyewe ya mwanga, haishuki chini ya hapo. Ukiipa maikrowati 1, sakafu inapanda hadi -124 na hutawahi kuona -130 hata kama ipo. Mimi nilipoteza mwezi kwa kosa hilo.

Na ulichoona kwenye wati 15, kelele kote hadi megahezi, hiyo si yoyote kati ya hizi. Hiyo ni Brillouin. Tibu kama Fundi alivyosema kwanza, la sivyo utapima kivuli.

---

Binti_Uluguru – Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa 11:50 jioni

Kaka Fundi, kaka Mtegaji, nyote, nimerudi na namba.

Usiku uleule nilichomeka mashine ya spektra. Wati 8, mlima mmoja. Wati 11, kidoti kando yake. Wati 13, kidoti kimempita mwenzake, na umbali kati yao nimeupima mara nne: nanomita 0.06. Nilikaa nikautazama tu. Nilikuwa nimesoma neno Brillouin kwenye mtihani, nikalijibu vizuri na kupata alama, lakini sikuwahi kuliona likikua mbele yangu kila ninapozungusha kitufe. Faiba haikuungua, chini ya 12 inatoa vilevile.

Jumatatu nilikata. Kukata faiba ya iterbiamu iliyogharimu pesa za mradi kunahitaji moyo. Nimebakiza mita 2.5, pampu zimeingia kinyume, mikia ya kombaina nimeifupisha: mmoja sentimita 40, mwingine 55 kwa sababu splaisi ya kwanza ilikuwa mbaya nikairudia. Mita 3 za kupelekea zimeondoka. Dayodi nilizipandisha joto nyuzijoto 4, pampu inayobaki bila kunyonywa ikashuka zaidi ya nusu. Faiba nimeilaza kwenye bamba la alumini, nusu ya kuingilia ina maji, nusu ya kutokea nimeiacha ipate joto lake.

Jana nimefika wati 33. Kwenye 33 mwanga unaorudi ni milivati 25. Ukisogea 35 unaanza kuinama kama zamani, kwa hiyo nimeweka mlinzi: mwanga unaorudi ukivuka milivati 60, kifaa kinakata pampu chenyewe.

Kelele: 130 kHz ilikuwa chanzo cha umeme, nilikibadili kwa cha transfoma tulichokikuta kabatini, kilima kikatoweka chote. 100 Hz imeshuka lakini ipo. Kwenye 100 kHz nasoma -118 bila moduleta ya sauti, fotodayodi ina milivati 3.

Sasa nina swali moja. Nimepungukiwa wati 7. Nihamie kiini cha maikromita 15, au nikae hapa?

---

FundiFaiba_Sgd – Jumamosi, saa 1:20 usiku

Dada, kazi safi. Mlinzi huyo wa pampu ningekuwa naye 2016.

Kiini cha 15 kitakupa eneo mara moja na nusu hivi, kwa hiyo kizingiti kinapanda kiasi hichohicho. Lakini kiini hicho kinabeba zaidi ya umbo moja la mwali. Itabidi uizungushe faiba kwenye duara la sentimita 10 hivi ili maumbo ya ziada yatoke, na splaisi kutoka 10 kwenda 15 lazima ipanuliwe polepole, la sivyo unayaamsha mwenyewe. Umbo la mwali likicheza, nguvu ndani ya mtego inacheza nalo, na hiyo ni kelele mpya ambayo hukuwa nayo. Kwa wati 7 mimi nisingehama. Ile splaisi ya sentimita 55 unaweza kuirudia ukiwa na siku tulivu, itakusogeza wati moja au mbili.

---

Mtegaji87 – Jumamosi, saa 1:48 usiku

Naunga mkono. Kina cha wavu kinafuata wati moja kwa moja: 33 badala ya 40 kinashuka kutoka 150 hadi kama 124. Masafa ya mtego yanafuata kipeuo cha pili cha wati tu, kutoka kHz 50 hadi 45. Kelele inayokuhusu sasa iko 90 kHz. Ukiwa na -118 hapo, kwa hesabu ileile una kama sekunde 30 kabla hazijapashwa vibaya, na moduleta bado hujaiwasha. Sisi tulichapisha kazi yetu tukiwa na pungufu ya hapo.

---

Binti_Uluguru – Jumamosi, saa 2:30 usiku

Nimekaa na 33. Kesho nafunga moduleta ya sauti, Jumatatu Profesa anarudi, na Jumanne mwali unaingia kwenye chumba cha ombwe kwa mara ya kwanza. Nitaleta picha ya atomi zikikaa, au ya kilichozizuia.